Kopo la Kucha

Hivi ndivyo alivyonisimulia rafiki yangu Pantaleo, aliyemaliza shule Mchafukoge mwaka 1957.

Kabla ya mtihani wa mwisho, kila darasa lililokuwa likimaliza lilikata kucha na kuzitia katika kopo lilelile la samli lililotunzwa stoo, eti wasifeli. Pantaleo alitumwa kuzipeleka stoo, chumba cha giza kilichofungwa tangu mwaka uliopita. Akiwa anapapasa kulitafuta kopo, alisikia mtu akifyonza, kama anyonyaye mfupa.

“Eliasi, acha ujinga!” alimfokea mwenzake aliyemsindikiza.

“Mimi niko huku uani!” Eliasi alijibu.

Ile sauti ikanyamaza. Pantaleo akalipata kopo, akabandua kifuniko, akatia vidole. Kucha za miaka yote zilikuwa zimelowa mate, nayo yalikuwa bado na joto la kinywa.