Picha ya Arobaini na Moja

Picha zilikuwa arobaini na moja, na Kidole alikuwa amepiga arobaini.

Alihesabu upya. Jina hilo la Kidole alipewa na wanafunzi wenzake kwa sababu ya kovu lililokizunguka kidole chake cha shahada kama pete. Kazi yake ya mwisho wa mwaka ilikuwa katuni fupi: bibi kizee wa udongo anafagia chumba cha boksi, kisha anatoka mlangoni. Humsogeza mwanasesere kidogo, huondoa mkono, hupiga picha. Picha kumi na mbili hutoa sekunde moja ya katuni. Asipoikabidhi saa kumi jioni, anarudia mwaka.

Katika ile picha ya ziada, bibi alikuwa ameacha kufagia. Alikuwa anaitazama kamera.

"Uchovu huu," Kidole alijisemea, akaifuta.

Baada ya kupiga nyingine tano, akakuta mbili zaidi asizozipiga. Chumba alimofanyia kazi kilikuwa kimezibwa madirisha kwa karatasi nyeusi ili mwanga usibadilike, na sasa kilinuka udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi hiyo.

Mlango uligongwa. Alikuwa Domo, rafiki yake.

"We Kidole, umeota mizizi humo? Mwalimu kishaanza kununa."

"Domo, shoga yangu," alinong'ona kwenye ufa wa mlango, "huyu bibi anasogea mwenyewe."

"Basi mwachie kazi, wewe ukalale." Domo alicheka, kisha akachungulia kwenye ufa. "Mifupa yake ya waya umeitoa wapi?"

"Kabatini. Nimebandua udongo mkavu, nikabandika mpya."

"Mama yangu! Si mwanasesere wa yule dada aliyefariki kabla ya kumaliza katuni yake? Siku ya kwanza tuliambiwaje? Mwanasesere havunjwi mpaka atoke kwenye picha! Huyo hajawahi kutoka, na kuna kitu kimemkalia."

"Nifanyeje?"

"Mfikishe mlangoni, atoke. Namwita Mwalimu."

Nyayo za Domo zilikwenda mbio. Kidole akavuta komeo, likagoma. Akalivuta kwa mikono miwili, likagoma. Akarudi mezani, jasho likimtiririka mgongoni, akamshika bibi kiunoni, akahisi udongo una joto kama ngozi ya mtu mwenye homa, akamsogeza, akapiga, akamsogeza, akapiga, huku ufagio mdogo ukikwaruza meza hata pale ambapo hakuugusa, mpaka bibi akaufikia mlango wa boksi, akainama, akapita, na picha ikabaki chumba kitupu.

Kidole alishusha pumzi. Nyuma yake komeo likafunguka lenyewe.

Akageuka atoke. Mguu wake ulisogea kiasi cha upana wa ukucha, ukasimama. Kamera ikalia: cha. Kitu ambacho hakukiona kikamshika kiunoni kwa uangalifu, kama yeye alivyozoea kufanya, kikamsogeza upana wa ukucha mwingine, na kikaondoka. Cha. Alitaka kupiga kelele, lakini mdomo ulikuwa umefunguliwa nusu tu, na hakuna aliyekuja kuumalizia.

Mlango ulifunguliwa. Uso wa Domo ulimjia mkubwa kama ukuta.

"Mwalimu, hayumo."

"Nimempita kwenye korido, anafagia," Mwalimu alijibu. "Nimemsalimia, hakuitika. Lakini kazi kamaliza. Bibi katoka, na hapa mezani kamwacha binti wa udongo. Tazama, hata kovu la kidole kaliweka! Ana mkono huyu."

Domo hakucheka. "Tumvunje, Mwalimu, kabla naye hajaanza kusogea. Tafadhali."

"Domo! Kanuni unaijua. Huyu bado hajatoka kwenye picha. Mweke kabatini."

Vidole vya Domo vilimshika kiunoni, vikamwinua. Kabati lilinuka udongo mkavu. Mlango wake ukafungwa taratibu, na huko nje, kwenye korido, ufagio uliendelea kukwaruza sakafu.