Sura ya Zubeda kwenye Simu ya Mwanajuma

Mwanajuma alikuwa anabangua korosho. Alishika korosho iliyochomwa, akaigonga kwa jiwe, ganda likapasuka. Alitoa kiini bila kukivunja, akakitupia kwenye ungo. Vidole vyake vilijaa majivu, kwa sababu majivu huzuia utomvu wa ganda usiunguze ngozi.

Binti yake, Firdausi, alikaa mbele yake na jiwe lake. Firdausi anaishi Kongowe, Kibaha, na mumewe. Jumamosi hiyo alikuja Kibuta, Kisarawe, kumwona mama yake. Baba yake, Mzee Kibwana, alikuwa amefariki karibu miezi miwili iliyopita. Mama alikuwa bado kwenye eda, hatoki nyumbani.

Simu ililia kwenye mkeka. Ikalia tena.

"Nani huyo?" aliuliza Mwanajuma.

Firdausi aliitazama. "Si mtu, mama. Ni Barazani. Wanasema una marafiki wapya wanakungoja."

"Marafiki gani? Mimi niko eda!"

Barazani ni programu ya simu ya kutumiana ujumbe. Zamani ilikuwa rahisi. Unafungua, unabonyeza picha ya kipaza sauti, unasema. Mwanajuma aliipenda kwa sababu alijifunza kusoma ukubwani, na bado husoma polepole. Mzee Kibwana alikuwa na shamba la ufuta Gwata. Akiwa huko, kila jioni alimtumia mkewe sauti.

Kisha Barazani ikauzwa. Kampuni kubwa ikainunua. Tangu hapo, kila wiki kuna jambo jipya. Vitufe vimehamishwa. Matangazo yanaingia katikati ya mazungumzo.

"Nataka kumsikia baba yako," alisema Mwanajuma, "nasikilizishwa kwanza mtu anauza magodoro. Godoro la nini? Hebu nifungulie, mwanangu. Mimi mikono ina majivu."

Firdausi alifungua. Maandishi yakatokea: *Weka sura yako mbele ya simu.*

"Mama, inataka sura yako."

Mwanajuma aliacha kugonga. Aliinamisha kichwa.

"Haitaki yangu," alisema. "Inataka ya Zubeda."

"Ya shangazi? Kwa nini?"

Mwanajuma alieleza. Wiki iliyopita programu ilimtaka aweke sura ili ijue mwenye simu ni nani. Yeye yuko eda. Aliona si vizuri sura yake ya msiba ipigwe picha na kupelekwa kwa watu asiowajua. Wapo wajane wasioona ubaya wowote katika jambo hilo. Yeye aliona haya. Basi wifi yake Zubeda, anayeishi nyumba ya pili, akamwambia: "Lete hapa, wifi. Mimi sura yangu haina eda." Akaweka yake.

"Na maandishi mliyasoma?"

"Zubeda alibonyeza. Kubali, kubali, kubali, kama anapiga ngoma. Sasa kila nikitaka kusikiliza, namwita aje kuchekea simu."

"Mwite basi."

"Yuko Gwata. Anavuna ufuta aliouacha marehemu."

Firdausi alimpigia Zubeda.

"Shangazi, sura yako inatakiwa huku."

"Nikutumie kwa basi?" alijibu Zubeda, akicheka. "Mimi narudi ufuta ukiisha. Mwambie wifi avumilie. Uzuri kama huu haupatikani kila siku."

Mwanajuma alicheka kidogo. Firdausi hakucheka. Alikuwa ameona maandishi mengine chini: *Sauti za zamani zitafutwa mwisho wa mwezi.*

Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache tu.

"Mama, sauti za baba ziko mahali pengine?"

"Mahali gani? Ziko humo."

Firdausi alisimama. Aliweka sura yake mwenyewe mbele ya simu. Ikakataa. Alivua mtandio, akajaribu tena. Ikakataa. Alijaribu kutabasamu kama shangazi yake. Simu ikaandika: *Umekosea mara nyingi. Jaribu tena kesho.*

"Wezi hawa!" alisema. "Wamenunua programu, wamenunua na baba yangu?"

Alichukua simu yake. Aliingia kwenye ukurasa wa kampuni, mahali ambapo kila mtu husoma. Aliandika malalamiko kwa hasira. Mwishoni aliweka namba ya simu ya mama yake ili wasaidiwe haraka. Kisha alianza kutembea uani, kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni.

"Kaa ubangue," alisema mama yake. "Unanitia kizunguzungu."

Haikupita saa, simu ya Mwanajuma ikaita. Firdausi aliipokea, akafungua sauti ili mama naye asikie.

"Habari za mchana, mama," alisema mwanamume mpole. "Naitwa Ponsiano, huduma kwa wateja, Barazani. Tumeona shida yenu. Poleni sana na msiba."

"Asante, kaka yangu! Tusaidie."

"Sasa hivi unaingia ujumbe wenye namba. Nitajie tu hiyo namba. Nitawafungulia."

Ujumbe uliingia. Firdausi aliona tarakimu tu. "Subiri, ninayo. Nne, saba…"

"Ngoja," alisema mama yake. Alikuwa ameinamia simu. Kidole chenye majivu kilifuata herufi. "U-si-m-pe… Usimpe m-tu… Firdausi, imeandikwa usimpe mtu."

"Mama, huyu ni wa kampuni."

"Kampuni si mtu?"

"Dada, upo?" aliuliza yule mwanamume. Sauti yake haikuwa na upole tena. "Taja haraka, muda unaisha!"

Firdausi alikata simu. Ilipoita tena, hakupokea. Alimpigia jirani yake wa Kongowe, Elinipa. Elinipa anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja Dar es Salaam.

"Futa ile namba uliyoweka ukurasani," alisema Elinipa baada ya kusikia yote. "Futa sasa hivi. Na usibonyeze kitu kingine. Kesho nikitoka kanisani nakuja."

"Nimeshaharibu?"

"Sijui bado. Tutaona kesho."

Firdausi aliifuta ile namba. Usiku alilala usingizi wa kukatika-katika. Jumapili, kila pikipiki iliyopita alitoka kuchungulia. Elinipa alifika mchana, amejifunga khanga. Alivua viatu, akakaa chini karibu na mjane.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibu korosho."

Elinipa alikula korosho mbili, tatu. Hakuwa na haraka. Firdausi alimwekea simu mapajani.

"Kwanza nieleze kitu," alisema Elinipa. "Mama, ukiwa umepanga chumba, na nyumba ikauzwa, vyombo vyako vinakuwa vya nani?"

"Vyangu."

"Na mwenye nyumba mpya anaweza kubadilisha masharti?"

"Anaweza. Ila aniambie."

"Hawa walikuambia. Yale maandishi ambayo Shangazi Zubeda aliyapigia ngoma ndiyo masharti mapya. Waliandika kwamba sauti za zamani hawatazitunza, kila mtu ahifadhi zake. Waliyaandika kwa herufi ndogo, na hilo si jambo zuri. Lakini yalikuwepo."

"Na yule Ponsiano?" aliuliza Firdausi.

"Huyo ni tapeli. Alisoma malalamiko yako, akaona namba. Namba inayoingia kwa ujumbe ni kama ufunguo wa mlango. Akiipata anaingia kwa jina la mama, anawaomba ndugu zenu wote wamtumie fedha za msiba. Mfanyakazi wa kweli haombi ufunguo wako."

"Nilikuwa nimeshataja tarakimu mbili."

"Mbili hazifungui. Mama alikuokoa kwa kusoma."

Mwanajuma alijifanya hasikii. Aliendelea kugonga korosho, lakini alitabasamu.

Elinipa alifungua Barazani. Ikaomba sura. Alishusha ukurasa hadi chini kabisa.

"Mama, nisomee hapa."

Mwanajuma alifuta kidole kwenye khanga. "Tu-mi-a… Tumia njia nyingine." Alimtazama Firdausi. "Kumbe ipo!"

"Ipo. Huna haja ya kuonyesha sura kama hutaki. Bonyeza mwenyewe."

Alibonyeza. Programu ikatuma ujumbe wenye namba.

"Hii umeiomba wewe," alisema Elinipa, "na unaiandika wewe, hapa, kwa mkono wako. Hatumtajii mtu. Hata mimi sitazami." Akageuza uso ukutani.

Mwanajuma aliandika tarakimu moja moja. Firdausi aliuma pindo la mtandio. Simu ilifikiri, ikafikiri. Kisha mazungumzo yakafunguka. Jina la Mzee Kibwana lilikuwa pale pale, na chini yake sauti nyingi.

"Alhamdulillahi," alisema Mwanajuma.

Elinipa aliwaonyesha mahali pa mipangilio. Waliiondoa sura ya Zubeda. Walizima ruhusa ya programu kusoma namba za ndugu walizohifadhi, na ruhusa ya kujua mama yuko wapi. Walizima na kengele za matangazo.

"Tuiache kabisa hii Barazani?" aliuliza Firdausi.

"Hilo mtaamua wenyewe. Mkihama, waambieni ndugu kwanza, kwa simu ya kawaida, wasipotee. Lakini kabla ya kuhama, toeni vyombo. Zamani ungeweza kutoa sauti zote pamoja. Wenye programu wapya wameondoa njia hiyo. Sasa ni moja moja."

Alionyesha. Unagandamiza sauti kwa kidole. Unachagua *Hifadhi kwenye simu*. Baadaye unaweka nakala kwenye memori kadi, na nakala nyingine kwenye simu ya Firdausi. Hivyo simu moja ikipotea, sauti hazipotei.

Elinipa aliwahi usafiri akaondoka. Mama na binti walibaki na kazi. Mwanajuma aligandamiza, Firdausi alihakikisha imeingia. Walisikia mvua ya Gwata. Walisikia Mzee Kibwana akiuliza kama kuku wamelala ndani. Mara vidole vya Mwanajuma vikachoka, mara chaji ikapungua. Sauti zilizobaki zilikuwa nyingi kuliko zilizohifadhiwa, na siku za mwezi zilikuwa bado zinatosha.

Firdausi alisikiliza mwanzo wa sauti moja, akaizima.

"Hii tuiruke, mama. Baba anakugombeza. Anasema umeazimisha jembe lake jipya bila kumwambia."

"Kwa nani?"

"Sijafika huko."

"Kwa Zubeda," alisema Mwanajuma. "Na hakulirudisha! Usiiruke hiyo hata kidogo."

Adhana ya magharibi ilisikika. Mwanajuma aliinuka, akakung'uta majivu, akaenda kuchukua maji ya kutawadha. Mlangoni alisimama.

"Iweke kwenye chaji," alisema. "Kesho tunaanzia hapo kwenye jembe."