Tawi la Njia ya Kasaji

Mwaka ule Wakasai, watu wa asili ya Kasai, walipofukuzwa Kolwezi, jirani yetu Odile, mmoja wao, aliamka kama siku zote. Alifagia uwanja, akateleka maji ya uji. Hayajachemka, vijana wenye mapanga wakawa mlangoni. Mama Adolphine wa nyumba ya pili alikuja akilia. Alimfungia viazi vitamu ndani ya kitambaa, kisha kwa mikono yake mwenyewe akamfunga mtoto Bilonda mgongoni mwa mama yake.

Stesheni ilijaa watu waliongoja treni isiyokuja. Wengine walikuwa wakifa palepale. Badibanga, mume wa Odile, akageuza baiskeli kuelekea njia za vumbi, upande wa Kasaji.

"Tunaenda wapi, tata?" Odile alimuuliza mume wake.

"Mbele tu." Alipiga kiti cha baiskeli. "Iyi kinga ndiyo treni yetu, madame. Panda première classe!"

Odile alicheka kidogo, akapanda nyuma kama abiria wa daraja la kwanza.

Baada ya siku chache hawakucheka tena. Kila njia iliingia katika njia nyingine, kavu, bila mtu. Maziwa ya Odile yalikauka. Bilonda hakuwa tena na nguvu ya kulia, na jua la mchana lilimpiga utosini. Kando ya njia palikuwa na rundo la matawi, majani bado mabichi. Odile, aliyezaliwa mjini, alichomoa tawi moja akamkinga mtoto. Badibanga alikuwa mbele, akisukuma baiskeli. Hakuona.

Punde Odile akasikia hatua nyuma yake. Mwanamke. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini, na kifua kimelowa maziwa.

"Mama, lete mutoto nimunyonyeshe," alinong'ona. "Umechoka."

Odile alitaka kulia kwa wema ule. Akampa. Bilonda alinyonya kwa nguvu, akimeza kwa sauti.

"Aksanti, mama. Na wako iko wapi?"

"Alitangulia."

"Odile! Uko unasema na nani?"

Aligeuka kumtazama mume wake. Alipogeuka tena, njia ilikuwa tupu, bila mwanamke wala mtoto. Mkononi mwake, tawi tu.

Badibanga aliliona. Sauti yake ikashuka.

"Iyi tawi ulitosha wapi?"

"Nililichomoa pale nyuma, ku rundo."

"Ile ni kaburi, Odile. Kaburi ya mutu alikufia mu njia. Kila mwenye kupita anaongeza tawi. Habatoshake hata moja!"

Walikimbia. Rundo lilikuwa limetawanyika. Udongo umefumuka. Juu yake, Bilonda amelala, tumbo limejaa.

Odile alimnyakua. Badibanga alirudisha tawi, akaongeza lingine, akaomba msamaha. Upepo haukuvuma. Jani moja likatikisika.

Bilonda aliishi. Walipofika kwa ndugu zao, alikataa uji, alikataa titi la mama yake. Hakulia njaa hata mara moja. Akanenepa.

Kila asubuhi Odile alikuta midomo ya mtoto imelowa maziwa. Na kwenye mkeka, upande wa pili wa mtoto, palibonyea kama mahali alipolala mtu ubavu. Alipapasa pale.

Palikuwa bado na joto.