Pagale la Bi Wahiba

Kuna mtu alikuwa ameifunika maiti kwa kanga, na huenda huyo ndiye pekee aliyekuwa na haya katika mtaa mzima.

Inspekta Eufrazia Haule aliinua pindo, akatazama, akalirudisha. Kijana wa miaka ishirini na kitu, muokota vyuma chakavu. Mawe yaliyomuua yalikuwa bado palepale, na walioyarusha walisimama kando wakijifanya wapita njia.

"Nani alimkamata?"

"Wananchi, afande," alijibu askari wa doria.

"Hao wananchi hawana majina?"

Askari alifunua daftari lake.

"Kaiba nini?"

"Grili za madirisha, kwenye pagale lile. Mara ya nne hii. Fundi akifunga tu, zinaondoka. Milango nayo hivyohivyo."

Eufrazia alimwaga kiroba cha marehemu chini. Makopo, nati, bawaba yenye kutu, sufuria iliyotoboka. Grili haikuwemo, na kwa udogo wa kiroba kile isingeingia.

Pagale lenyewe, nyumba ambayo bado haijamalizika, lilikuwa juu ya kilima cha Madale, vyumba sita, kila kimoja na choo chake. Mwenye nyumba, Bi Wahiba Haroub, alifika na bajaji kutoka Kinondoni, mama wa makamo, buibui limejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu aliyenifilisi?"

"Bado sijui. Nieleze kuhusu nyumba."

Alikuwa na duka la vitambaa, biashara ikadorora, akaliuza. Shemeji yake alimshauri anunue hatifungani za serikali. Hakutaka.

"Nikamwambia karatasi haina bati. Nyumba ya kupangisha hata nikiugua kitandani inanilisha. Nikapima yote, mwanangu. Mpangaji msumbufu, kiwanja chenye mgogoro, kodi ya jengo. Sasa mwaka wa saba, mpangaji hata mmoja sijaingiza." Alivuta pumzi. "Hatifungani haziibiwi milango."

"Nani analinda hapa?"

"Marijani na mkewe, Hamisa. Nimewapa chumba wakae bure mpaka nyumba iishe. Watu wema sana."

"Unawalipa?"

"Wanakaa bure, Dar hii. Niwalipe tena?"

Eufrazia hakushangaa. Kila mwenye pagale mjini hufanya hivyo, maana ukiliacha tupu wezi watashusha mpaka bati.

Nyuma ya nyumba palikuwa na tuta la mchicha, limestawi vizuri. Katikati yake kipande cha nondo kilikuwa kimesimama wima.

"Nondo ya nani?"

Hamisa, aliyekuwa amewafuata pamoja na Marijani, alimtazama mumewe. Marijani akatazama mchicha.

"Ya yule marehemu," akasema. "Wale huchokoachokoa ardhi kutafuta vyuma."

Eufrazia aliishika nondo, akaisukuma chini. Chuma kiligonga chuma.

"Chimbeni," akawaambia askari wake.

Lilikuwa shimo la maji taka ambalo halijajengewa. Zikatoka grili, ikatoka milango iliyofungwa kwa nailoni, vitu vya awamu zote nne. Grili zilikuwa zimepakwa oili chafu zisishike kutu. Katika miaka yake yote ya upelelezi Eufrazia hakuwahi kumwona mwizi anayeiba mara nne asiuze hata komeo.

Kituoni, Marijani alikaa na mikono katikati ya magoti.

"Nani alianza kupiga yowe la mwizi?"

"Watu, afande."

"Mkeo anasema ni wewe."

Marijani aliinamisha kichwa.

"Una haki ya kunyamaza. Ila yule kijana anaitwa Suleiman, na mama yake yuko njiani kutoka Kilwa kuchukua mwili. Mie nimwambie nini?"

Marijani alijifuta uso kwa kiganja.

"Nilitaka akimbie tu. Alikuwa anachokoa kwenye tuta, nondo ikagonga. Akacheka, akaniambia, mzee, una mali huku chini. Nikaogopa, nikapiga yowe. Nilijua atakimbia. Hakukimbia, afande. Alisimama ananishangaa. Angekimbiaje, na hakuiba?"

"Watu walipokuja, ungesema umekosea."

"Nilisema. Baadaye. Hakuna aliyekuwa ananisikia."

"Vile vitu ulitaka kumuuzia nani?"

"Siuzi! Ni vya mama mwenye nyumba." Hapo tu ndipo alipopandisha sauti. "Nyumba ikiisha, sie tunatoka. Tuliingia mle Hamisa ana mimba ya kwanza. Watoto watatu wamezaliwa mle, wakubwa wanasoma hapo chini kilimani. Kila fundi akija na grili, mke wangu halali. Nikasema nimcheleweshe mama kidogo, mpaka mdogo aanze shule. Halafu kidogo tena."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini, afande? Asimalize nyumba yake?"

Eufrazia aliandika maelezo, Marijani akatia dole gumba. Alishawahi kuwachukia watuhumiwa wengi, na leo chuki ilikataa kuja. Ilimuuma tu. Suleiman alikufa kwa sababu mtu mmoja aliogopa kukosa chumba.

Bi Wahiba alikuwa kwenye benchi la korido. Alimsikiliza Eufrazia akimweleza yote mpaka mwisho.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Baadaye akaongeza, polepole, "Angeniambia tu..." Akakatisha. Alikuwa mkweli, hata kwa nafsi yake. "Hapana. Ningemtoa siku ileile."

Waliorusha mawe walikamatwa mmoja mmoja, na wiki iliyofuata Eufrazia alirudi Madale kuchora ramani ya eneo la tukio kwa ajili ya jalada. Hamisa alikuwa ameshahama na watoto, chumba chao kitupu, ila uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mwanamume asiyemjua alikuwa anaanika godoro kwenye msingi, mtoto mgongoni.

"Nani yule?" akamuuliza Bi Wahiba.

"Wilfred. Ana mke na watoto wawili, hawana pa kukaa." Bi Wahiba hakumtazama usoni. "Siwezi kuliacha tupu, mwanangu. Bati zitaondoka."

"Umemwambia ikiisha atakwenda wapi?"

"Hakuniuliza," alisema Bi Wahiba. "Nami sikumwambia."