Sidii za Kufukuzia Ndege

Mashine mpya ya Kwaku Adusei ilinyamaza katikati ya msiba, mbele ya watu mia tatu, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kijijini Bonkwaso. Watu walikaa chini ya maturubai na nguo zao nyeusi na nyekundu. Spika mbili kubwa kama makabati zilikuwa zikiimba taratibu. Ghafla zikakatika. Kikabaki kilio cha mtoto na ngurumo ya jenereta nyuma ya nyumba.

"Eh, fundi muziki!" mtu alipaza sauti. "Na wewe umefiwa?"

Watu wakacheka. Adusei aliinamia tableti ya ile mashine, iliyokuwa ikivuta nyimbo kutoka mtandaoni. Kwenye kioo kulikuwa na maneno machache: Mwezi wako wa bure umekwisha. Lipia ili uendelee.

Mke wake, Yaa Birago, ndiye aliyekuwa akimshikia nyaya kazini. Alisogea karibu.

"Inasema nini?"

"Inataka pesa."

"Pesa gani tena? Si uliinunua?"

"Niliinunua."

"Sasa inadai nini?"

Adusei alikumbuka duka la Kumasi, mwezi uliopita. Muuzaji alivaa shati la kumetameta. Alibonyeza kioo mara mbili, wimbo ukalia. Akabonyeza tena, ukalia mwingine. "Baba, humu mna kila wimbo wa dunia," alisema. "Bado unabeba sidii kwenye maboksi kama muuza nyanya?" Adusei aliona aibu. Akauza deki yake ya sidii na kichanganya sauti chake. Akaongeza akiba ya nyumbani. Akarudi kwake Effiduase na mashine kwenye boksi jeupe, kifua mbele.

Nana Amponsah alikuwa akija kutoka kwenye viti vya mbele. Yeye ndiye mkuu wa ukoo wa marehemu. Alitembea polepole, nguo yake nyeusi imeshikwa kwa mkono wa kushoto.

"Adusei, kuna nini?"

"Jambo dogo tu, Nana. Ni mtandao."

"Mimi sikuukodi mtandao. Nilikukodi wewe."

"Ndiyo, Nana. Dakika chache tu."

"Sikiliza. Kuna watu wawili wenye spika hapa karibu, na bei yao ni ndogo kuliko yako. Unajua kwa nini niliwaacha?"

Adusei alijua. Marehemu alikuwa Maame Pokuaa, kiongozi wa kikundi cha wanawake waimbaji wa Bonkwaso. Yeye alikuwa akianzisha wimbo, wenzake wakiitikia. Katika kikundi chao, kiongozi akifa, huagwa kwa sauti yake mwenyewe. Huanzisha kwa mara ya mwisho, nao humwitikia. Na sauti ya Maame Pokuaa ilirekodiwa mara moja tu maishani mwake. Aliyeirekodi ni Adusei, miaka mingi iliyopita, kwenye sidii moja yenye nyimbo nane.

"Wale pale wamesimama tangu alfajiri," Nana alisema. Alionyesha wanawake kumi hivi waliovaa nyekundu. Mikono yao ilikuwa tayari kupiga makofi. "Mchango hautapokewa kabla Pokuaa hajaimba. Chifu anafika saa sita. Akikuta kimya, nitashika maiki, na jina la kwanza nitakalotaja halitakuwa la marehemu. Litakuwa lako."

Aligeuka akaondoka.

Adusei alichukua simu, akapanda kilima nyuma ya kanisa. Bonkwaso iko bondeni, na kule chini mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Kilimani alipata vijiti viwili vya mtandao. Akalipia mwezi mmoja, sedi thelathini na tano. Akashuka mbio, akaiunganisha tena tableti na simu yake. Ikasuasua. Mwishowe nyimbo zikarudi.

"Asante Mungu," Birago alisema.

Adusei akaandika: Pokuaa. Kiduara kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka. Hakuna. Akaandika: Bonkwaso. Hakuna. Akaandika: wanawake wa Bonkwaso. Ikamletea mhubiri wa Accra.

Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi.

"Unatafuta nini humo?" sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Mansa, fundi wa simu na redio wa kituo cha magari, Effiduase. Alikuja msibani kama watu wengine, na kitambaa chekundu kichwani. Mansa alijulikana kwa mambo mawili: kazi safi na mdomo mchafu.

"Namtafuta Maame Pokuaa," Adusei alisema.

"Humo? Nani alimweka?"

"Muuzaji alisema mna kila wimbo wa dunia."

"Mna kila wimbo ambao mtu aliupeleka. Pokuaa nani alimpeleka? Wewe?"

"Hapana."

"Basi hayumo." Mansa aliichukua tableti, akaisoma haraka. "Na hizi nyingine si zako pia. Unalipa kila mwezi ili uzisikilize. Ukiacha kulipa, zinaondoka. Mtandao ukizimika, ni kama huna kitu. Kaka, umepanga chumba ukadhani umejenga nyumba."

"Hakuniambia hivyo."

"Ulimuuliza?"

Adusei aliipokea tableti, akakifuta kioo chake kwa kiganja.

"Sidii yako ya Pokuaa iko wapi?" Mansa aliuliza.

Adusei alitazama miguu yake.

"Mwambie," Birago alisema. "Mwambie, au nimwambie mimi."

"Iko shambani kwa mama mkwe."

"Shambani inafanya nini?"

"Inafukuza ndege."

Mansa alimtazama mpaka Adusei akatamani ardhi ipasuke.

Ilikuwa kweli. Mwezi ule mpunga ulianza kutoa punje, na ndege wakavamia. Kila mwenye shamba alitafuta kitu cha kung'aa cha kutundika. Mama mkwe aliomba sidii mbili tatu. Adusei, na mashine yake mpya mezani, alimpa boksi zima. Birago alikuwa amemwambia, "Chagua kwanza." Naye alijibu, "Nani siku hizi anasikiliza sidii?"

"Shamba liko mbali?" Mansa aliuliza.

"Karibu na daraja. Kwa gari si mbali. Lakini hata tukizipata, tutazipigia wapi? Deki niliiuza."

Mansa aligeuka akatazama magari yaliyoegeshwa. "Sarpong!" aliita. Dereva wa teksi aliinua kichwa kutoka kwenye bakuli la wali. "Redio ya gari lako bado inakula sidii?"

"Inakula kuliko mimi," Sarpong alisema.

"Acha hicho chakula. Twende."

Birago alibaki kulinda vyombo. Njiani teksi ilirukaruka kwenye mashimo. Adusei alitazama saa kwenye simu, akaiweka mfukoni, akaitoa tena.

Shamba lilimetameta kutoka mbali. Sidii zilining'inia kwenye kamba, safu kwa safu, zikizunguka na upepo. Mama mkwe, Eno Fosuaa, alitoka kwenye kibanda na kombeo mkononi.

"Mkwe! Msiba umeisha mapema hivi?"

"Mama, nazihitaji sidii."

"Zipi?"

"Zote."

"Zote? Na ndege nitawafukuza na nini, na ulimi wangu?"

"Mama, tafadhali. Nitaaibika mbele ya chifu."

"Ulipozileta ulisema ni takataka. Takataka ikishapewa mtu ni mali yake." Hata hivyo alikuwa ameshaanza kukata kamba. "Angalieni msinikanyagie mpunga!"

Adusei alizigeuza moja baada ya nyingine. Majina aliyoandika kwa kalamu yalikuwa yameoshwa na mvua. Hakuna hata moja iliyosomeka.

"Tutazijaribu zote," Mansa alisema. "Leta."

Walikaa ndani ya teksi, milango wazi. Sidii ya kwanza ilikwaruza tu. Ya pili ilikuwa ngoma za arusi. Ya tatu ilitemwa nje. Mansa alifuta kila moja kwa maji kidogo na ncha ya nguo yake, kutoka katikati kwenda ukingoni.

"Usifute kwa kuzunguka," alisema. "Unaongeza mikwaruzo."

Nyingine ilikuwa kwaya. Nyingine ilitoa sauti kama mtu anayesaga meno. Sarpong alitazama jua.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Tatu," Adusei alisema.

Ya kwanza kati ya zile tatu iliingia. Kimya. Kisha mwanamke akakohoa kidogo, akacheka, akasema, "Adusei, umeshabonyeza?" Na akaanza kuimba.

Eno Fosuaa aliangusha kombeo. "Ni Pokuaa," alisema.

Waliporudi, gari la chifu lilikuwa tayari uwanjani. Nana Amponsah alikuwa amesimama mbele, maiki mkononi, midomo imefunguka. Sarpong aliingiza teksi mpaka chini ya turubai. Viti vikasukumwa, watu wakapiga kelele. Mansa alishuka kabla gari halijasimama. Akaitwaa maiki mkononi mwa mkuu wa ukoo bila salamu, akaigandamiza kwenye spika ya mlango wa teksi.

"Piga," alisema.

Sauti ya Maame Pokuaa ikatoka kwenye yale makabati mawili, ikajaza kijiji.

Wanawake wa nguo nyekundu walishtuka. Mmoja akashika mdomo. Kisha wakaitikia. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, wakipiga makofi na kulia. Chifu aliinamisha kichwa.

Wimbo wa sita ulianza ukakwama. Neno moja likajirudia, likajirudia, kama mtu anayebisha mlango. Mansa alitoa sidii, akafuta, akarudisha. Neno lilelile. Wa saba haukusikika kabisa. Wa nane ulikwaruza. Mwimbaji mzee kuliko wote aliteremsha mikono yake.

"Huo wa sita sisi tunajua kuuitikia tu," alisema. "Mwanzo wake alikuwa nao yeye."

Mchango ukaanza kupokewa. Nana hakulitaja jina la Adusei. Lakini jioni hakumlipa nusu iliyobaki, na Adusei hakuidai.

Jumatatu Adusei alikwenda dukani kwa Mansa na sidii zote zilizopona. Mansa aliziingiza kwenye kompyuta yake, akazinakili kwenye flashi mbili.

"Moja ya kazi, moja unampa mkeo aifiche," alisema. "Flashi huharibika. Ukiwa na nakala moja, hesabu huna."

"Na tableti niitupe?"

"Kwa nini? Kwenye sherehe za vijana mjini itakupa kila wanachotaka. Lipia mwezi wenye kazi, mwezi usio na kazi acha. Ila siku nyingine ukitaka kununua kifaa, muulize muuzaji: baada ya leo nitalipa nini tena? Mtandao ukizimika kinafanya kazi? Nikiacha kulipa, ninabaki na nini? Akianza kumetameta kama shati lake, ondoka."

Adusei alinunua deki kuukuu inayocheza sidii na flashi. Siku hizi, kabla ya msiba wowote, huwasha vyombo vyake usiku wa kuamkia siku ya kazi na kuusikiliza kila wimbo alioombwa, mtandao ukiwa umezimwa. Kazi zimerudi. Mwezi uliopita Bonkwaso walimwita tena, na kikundi cha wanawake kilimwomba arekodi nyimbo zao zote. Alirekodi, akawaachia nakala yao.

Birago ndiye aliyepiga hesabu, mezani, kwa sauti, ili mumewe asikie. Mashine, sedi elfu nne na mia nane. Mwezi wa mtandao, thelathini na tano. Teksi ya Sarpong, mia moja na ishirini. Nusu ya malipo ya msiba, mia sita. Deki kuukuu, mia tano. Mama mkwe, fidia ya gunia moja la mpunga ulioliwa na ndege.

Nyimbo za Maame Pokuaa zilikuwa nane. Zimebaki tano.