Kisanduku Juu ya Friji

Kila Jumamosi Des Hanrahan alikuwa na kazi mbili: kumwagilia nyanya na kupanga bia kwenye friji ya bandani. Nyanya alizisahau mara nyingi. Friji, hata siku moja.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, nyuma ya nyumba yao mjini Mildura, kusini mwa Australia. Ndani kulikuwa na televisheni, kochi lililochakaa, na vikombe ambavyo Des alishinda kwa kurusha vishale. Vikombe hivyo alivipanga dirishani, upande unaotazama nyumba, ili mkewe Noelene avione anapoosha vyombo.

Binti yao wa pekee, Tegan, alihamia Darwin, mbali kaskazini mwa nchi. Mwaka huu aliingia timu ya wanawake ya mtaani kwake, ya kandanda ya Kiaustralia, inayochezwa kwa robo nne. Mechi zao zilionyeshwa kwenye intaneti tu, basi Des akanunua visanduku viwili vya mtandao. Cha kwanza, kiitwacho mama, kilikaa sebuleni, pale intaneti inapoingilia. Cha pili, kiitwacho mtoto, kilipaswa kupokea intaneti hewani kutoka kwa mama na kuigawa bandani. Des alikipa mahali pa heshima kuliko pote: juu ya friji, kikiegemea ukuta wa bati.

Jumamosi iliyopita Tegan alikimbia apige mpira, mguu ukainuka, na picha ikaganda. Soseji ziliungua jikoni, mguu bado uko juu.

"Binti yako ana pumzi," alisema Macca, rafiki yake Des. "Mimi ningekuwa nimeshaanguka."

Jioni Tegan alipiga simu. "Baba, uliniona?"

"Nilikuona! Bonge la goli!"

"Nilikosa, Baba. Kama hutazami, sema tu."

Des alitamani ardhi ipasuke immeze. Wiki nzima hakula vizuri.

"Njia ya mwongo fupi," Noelene alimwambia. "Mwite Effie."

Effie Manolis, jirani yao, alikuwa fundi wa kufunga mitandao mashuleni. Alikuja asubuhi ya mechi iliyofuata na kompyuta mbili za mkononi na kebo.

"Mtandao mzima kabisa!" Des alijitetea. Alisimama karibu na friji na kuinua simu. "Ona, mistari imejaa!"

"Imejaa kwa sababu umesimama pua kwa pua na mtoto," alisema Effie. "Mistari hiyo inasema simu yako inamsikia mtoto. Haisemi kama mtoto anamsikia mama. Njia iliyo kati yao ndiyo tunayotaka kuipima."

"Inapimwaje? Kwa futi?"

"Kwa kompyuta. Moja naifunga kwa kebo kwenye mama, nyingine kwa kebo kwenye mtoto. Halafu hii inaipelekea ile data. Hapo njia ya hewani ni moja tu, ile ya mama na mtoto. Kwanza, kila anayetumia mtandao aache."

Des alipiga kelele kuelekea nyumbani. "Noelene! Zima tamthilia!"

"Nizime? Muuaji ndiyo kwanza anatajwa!"

"Noelene!"

"Haya! Akitoroka, lawama ni zako."

Effie alipima mara tatu. "Kipimo kimoja kinaweza kudanganya," alisema. "Pima mara tatu, ushike cha katikati." Kisha akamwonyesha Des kioo. "Sebuleni inaingia megabiti hamsini kila sekunde. Hapa zinafika mbili."

"Hizo nyingine zinakwenda wapi?"

"Zinagonga bati zinarudi. Na zikipita kidogo, zinakutana na friji, lichuma lingine."

Des alisimama mbele ya friji akatanua mikono. "Friji haihami, Effie. Ilikuwa ya marehemu baba."

"Nani kasema uhamishe friji? Hamisha kisanduku! Kioo cha dirisha kinapitisha mawimbi kuliko bati. Mweke mtoto pale dirishani, amtazame mama."

"Pale pana vikombe vyangu."

"Chagua basi. Vikombe au Tegan."

Des alivibeba vikombe kimoja kimoja, akavipanga juu ya friji. Mtoto akakaa dirishani.

"Sasa tumemaliza," alisema Des.

"Bado. Ukihamisha, pima tena. Bila kipimo unabahatisha."

Walipima tena, vilevile, mara tatu. Cha katikati kilikuwa tisini.

"Njia sasa ni pana kuliko intaneti unayolipia," Effie alicheka. "Noelene! Endelea na muuaji wako!"

Mchana Macca alikuja na soseji. Katika robo ya mwisho ya mechi Tegan alikimbia, mguu ukainuka, na safari hii ukashuka. Mpira uliruka, ukagonga mlingoti wa goli.

"Amekosa!" Des alirukaruka na kumkumbatia Macca. "Noelene, njoo! Amekosa, nimemwona!"

"Mzee amepata wazimu," alisema Macca.

Jioni simu ililia. Sauti ya Tegan ilikuwa ndogo. "Uliniona, Baba?"

"Nilikuona. Umegonga mlingoti. Na kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefunguka."

Des alishika simu kwa mikono miwili.

"Ni kweli ilifunguka," alisema Tegan, akicheka na kuvuta kamasi. "Leo umeniona, Baba."