Asubuhi Isiyo na Moshi

Zamani za misafara ya pembe za ndovu, nchi ya Usimbi ilitawaliwa na Mtemi Kasanda. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kovu la mkuki shingoni. Kifuani alivaa kibangwa, lile duara jeupe la kombe la bahari lisilovaliwa na mtu mwingine ila mtemi.

Waliouanzisha utemi wa Usimbi walihofia mtu mmoja kushika kila kitu, hivyo wakaweka sheria: mtemi hana moto wake. Kila jioni jiko la ikulu lilizimwa kwa maji, na kila alfajiri nyumba moja ya raia, kwa zamu, ilimpelekea makaa. Nyumba ya zamu ikikosa, nyingine yoyote iliruhusiwa kupeleka. Lakini jua likipanda juu ya ua wa boma na jiko bado ni baridi, raia wamemkataa. Atavua kibangwa na kutoka kwa mlango mdogo wa boma, wala mtu asimguse. Hakuna aliyekumbuka jambo hilo kutokea.

Mwaka mmoja adui zao Warugu walilizingira boma hadi watu wakatafuna ngozi za ngao. Baruti ilipokwisha, Kasanda alimwita kwa siri mfanyabiashara wa msafara uliojificha nyuma ya kinamasi, akampa vijana sita wa boma wawe watumwa, akapokea mapipa ya baruti. Hakuwauliza wanyampara wake, wazee wa baraza. Kwa baruti hiyo Warugu walivunjwa na kukimbia. Ngoma zikapigwa boma zima, ila katika nyumba sita.

Mmoja wa vijana wale alikuwa Maganga, mjukuu pekee wa mjane Nyamizi. Ngoma zilipotulia, zamu ya kupeleka makaa ikamfikia Nyamizi.

Alfajiri hiyo paa la ikulu halikutoa moshi. Watu walitoka wamejifunika kaniki, wakasimama uwanjani wakitazama.

"Mtemi leo atakunywa uji baridi," mtu mmoja alinong'ona. Aliyecheka alinyamaza upesi.

"Bibi amekataa," alisema mwingine. "Ungekuwa wewe, ungempelekea?"

Kila nyumba ilikuwa na moto. Hakuna aliyeinama kuchukua kaa.

Ndani, Lugendo, jemadari wa vita, aliona jua limegusa ncha za ua. Alishika bunduki yake ya gumegume.

"Mtemi, hili jiwe linatoa cheche. Nipe nyasi kavu tu. Nani atajua?"

"Huo utakuwa moto wangu, Lugendo. Mtemi hana moto wake."

"Umewaokoa! Wangekuwa mizoga sasa hivi! Sema neno moja, wanangu wenye bunduki watawafundisha adabu."

"Kwa baruti ile ile?" Kasanda aliuliza.

Lugendo akaiweka bunduki chini.

Jua likapanda juu ya ua. Kasanda alivua kibangwa, akakiweka juu ya mafiga baridi. Akapita katikati ya watu wake na mkuki mmoja na kipande cha kaniki. Walimpisha. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa mikono miwili, kana kwamba hadi dakika ile hakuamini kwamba sheria ile ilikuwa ya kweli.

Lugendo alikwenda moja kwa moja hadi kwa Nyamizi. "Wewe bibi! Toka uone ulichofanya!"

Hakujibiwa. Alisukuma mlango, ukagoma nusu. Kitu kilikuwa kimelala nyuma yake.

Nyamizi alikuwa chini, amejifunga nguo yake safi, mwili umeshapoa. Alikuwa anatoka kupeleka makaa alipoanguka. Mkononi alishika kigae kilichojaa majivu. Lugendo alifukua kwa kidole, akaungua. Makaa yalikuwa hai.

Alitoka na kigae, akakiinua watu wakione. Walitazama makaa yale, kisha wakatazamana, na kila mmoja akainamisha uso.

Lugendo alikimbia nacho hadi ng'ambo ya mashamba ya mtama, akamkuta Kasanda anavuka kijito.

"Rudi, mtemi! Hakukukataa! Alikufa mlangoni akikuletea, yeye uliyemchukulia Maganga!"

Kasanda alisimama ndani ya maji. Alitazama kigae, na mkuki ukamponyoka mkononi.

"Nyamizi alikufa," alisema. "Na wengine je? Wote walikuwa hai, Lugendo. Walikuwa na moto."

"Walidhani tu…"

"Walidhani amefanya lile ambalo wao wenyewe waliona ni haki kufanya. Mzikeni kwa heshima ya mtemi. Mimi naufuata msafara uliomchukua Maganga."

Akavuka. Kama alimpata kijana, Usimbi haikujua kamwe.

Boma lile limekwisha oza, na jina la mtemi aliyemfuata Kasanda limesahauliwa. Lakini wanawake wa upande ule, wakiamka, wamedumu na desturi moja: hawainjiki sufuria kabla ya kutoka nje kutazama kama paa la jirani linatoa moshi, na lisipotoa, huenda kubisha hodi.